Kipande cha Tano

Mama alikinunua Mnazi Mmoja, kando ya njia,
kwa shilingi mia nane na maneno mengi:
kitabu kinene, jalada limechunika pembe,
kimelazwa juu ya gunia baina ya kamusi na soksi.
Akakileta Magomeni kama mtu aletaye samaki,
mbiombio, kabla hajaharibika.

Nyumba yetu: vyumba sita, choo kimoja,
na sasa kitabu kimoja.
Siku ya tatu ugomvi ulishaanza.
Kidawa wa chumba cha pili alikiiba juu ya cherehani,
Mzee Ndimbo akakidai kwa haki ya umri,
mimi nikakizika ndani ya debe la unga.

Mama hakumpiga mtu.
Alichukua wembe wake wa kufumulia mishono,
akapima kurasa kama anayekata kanzu,
akakipasua vipande vitano,
akashona kila mgongo kwa uzi mwekundu
uliobaki kwenye masweta ya shule.
"Haya, kila mtu na chake.
Atakayemwambia mwenzake yaliyo mbele
atachota maji ya nyumba nzima siku mbili."

Basi tukasoma.
Kipande cha kwanza kilinuka mafuta ya cherehani.
Cha pili Kidawa alikisoma akikaanga maandazi;
hata leo ukikiinua kwenye mwanga,
ukurasa mmoja unachungulia ndani ya mwingine.
Tumpale, ambaye herufi hazikuwahi kumzoea,
ndiye aliyekumbuka nani mtoto wa nani
na nani anamdai nani.
Jioni moja akauliza, "Hiyo A ndiyo ipi?"
Kidawa akaifinyanga kwa unga, akaitosa kaangoni.
Tumpale akaila A yake ya kwanza
ingali moto.

Mzee Ndimbo, mlinzi wa ghala Gerezani,
alianzia kipande cha nne,
maana ndicho kilichokuwepo zamu yake ilipofika.
Akajua kifo cha yule mjane
sisi hatujafika hata kwenye arusi yake.
Wiki nzima alipita ukumbini bila kututazama usoni.
"Mzee, bibi arusi hajambo?"
"Hajambo," akajibu,
akabeba ndoo mbili, akaenda bombani,
hakuna aliyemtuma.

Kipande cha tano alikuwa nacho Nassoro.
Nassoro alihama usiku, kodi ya miezi mitatu shingoni.
Godoro aliliacha.
Alichukua mwisho.

Tukabaki kutunga.
Mwisho wa Kidawa ulikuwa na mapacha na kesi mahakamani.
Wangu ulikuwa na bunduki; nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Mzee Ndimbo peke yake alikataa.
"Mtu akifa amekufa," alisema,
akageukia redio yake.

Mwaka wa kumi na tisa, simu kutoka Kigamboni.
Nassoro alikuja na mvi, na bahasha ya kodi
ya mwenye nyumba aliyekwisha kuzikwa,
na kipande, ndani ya mfuko wa sukari,
uzi mwekundu umegeuka rangi ya chai.
Tukakaa kwenye mkeka, tuliobaki.
Mama ana mtoto wa jicho, kwa hiyo nilisoma mimi,
na Tumpale akinirekebisha kila nilipovuka neno.

Ukurasa wa nne kutoka mwisho
mjane akabisha hodi.
Hakuwa amekufa. Jeneza lilikuwa na mchanga.

Hakuna aliyecheka.
Kidawa alitazama mlango wa chumba cha tano,
wapangaji wengine sasa, viatu vingine,
na nikaziona tena zile ndoo mbili
zikimwagika kidogokidogo ukumbini
kwa msiba ambao haukuwepo.

Mama akafunga ushungi.
"Kesho nipelekeni Kinondoni, makaburini.
Yule mtu lazima aambiwe."

"Na sheria?" akauliza Tumpale.

"Maji nitachota mimi."